Kabla ya Kufungua Daftari Jipya

Natumai umeupokea mwaka mpya salama, iwe uliupokea kanisani kwenye kesha, ndani ya basi lililokwama njiani kutoka mashambani, au kitandani ukiwa umejifunika blanketi huku majirani wakipiga sufuria na kushangilia hadi saa saba za usiku. Sasa kelele zimetulia. Kalenda mpya imetundikwa ukutani, ile ya zamani imekatwakatwa ikatumiwa kujaladia vitabu vya watoto, na kila unayekutana naye ana methali moja mdomoni: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Ni methali nzuri, na wazee walioitunga walikuwa na akili zao. Imewapatanisha ndugu waliokuwa hawasalimiani, na imezirudisha kwao ndoa ambazo watu walikuwa wameshazikatia tamaa. Lakini kila Januari inapofika naisikia ikitumiwa kwa namna inayonitia wasiwasi. Anayedaiwa na jirani huitumia ili asiulizwe. Mume aliyekesha baa mwaka mzima huitumia ili mkewe anyamaze. Hata mwanafunzi aliyeshika mkia muhula wa tatu huitumia ili mzazi asiitake ile ripoti iliyofichwa chini ya godoro.

Methali yenyewe yazungumza juu ya ugonjwa na uganga. Basi na tuulize: ni mganga gani, wa mitishamba au wa hospitali, anayempa mgonjwa dawa bila kwanza kumwuliza alianza kuumwa lini, alikula nini, na ni dawa zipi ambazo ameshazijaribu? Kuyaganga yajayo bila kuyajua yaliyopita ni kubahatisha tu. Mwaka mpya haufuti kitu. Unachotupa ni nafasi ya kuchagua tutakachoendelea kukibeba na tutakachokitua, na hakuna awezaye kuchagua vilivyomo katika mzigo ambao hajaufungua.

Tukianza na siku yenyewe, tarehe 1 Januari haina uchawi wowote. Tumeirithi kutoka kwa kalenda ya Julius Caesar wa Roma ya kale, iliyorekebishwa na Papa Gregory wa 13 mwaka wa 1582. Waingereza, waliotuletea kalenda hiyo maofisini na shuleni, walikuwa kwa karne nyingi wakiuhesabu mwaka wao kuanzia tarehe 25 Machi. Ni mwaka wa 1752 ndipo walipoanza rasmi na Januari. Majirani zetu wa Ethiopia huufungua mwaka wao mwezi wa Septemba. Waislamu huuanza wao kwa mwezi wa Muharram, ambao hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka ukilinganisha na kalenda hii ya ukutani. Serikali yetu nayo hufungua mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai. Mwanzo, kwa hivyo, ni jambo la mapatano ya watu.

Watoto wetu wamejifunza hili kuliko sisi. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, wizara ilitangaza Julai mwaka huo kwamba mwaka wa masomo umepotea na kwamba wanafunzi watarudia madarasa yao. Baadaye mpango ukabadilika. Madarasa machache yakarejea Oktoba 2020, mengine yote Januari 2021, na mwaka wa masomo wa 2021 ukaanza mwishoni mwa Julai. Ule wa 2022 ulianza Aprili, na ni Januari 2023 ndipo kalenda ya shule na kalenda ya ukutani zilipokutana tena. Katika muda huo watoto wetu walipokea "mwaka mpya" katikati ya baridi ya Julai, bila kesha wala vigelegele, na wakaingia madarasani vivyo hivyo.

Binti yangu alikuwa darasa la sita tangazo lile liliposomwa redioni. Alilisikiliza hadi mwisho, akatazama chini, kisha akaniuliza, "Baba, kama mwaka umepotea, mbona viatu vyangu havinitoshi?"

Nilicheka, lakini swali lile halikunitoka. Mwaka ulikuwa umepotea kwenye karatasi, lakini miguuni mwa mtoto ulikuwapo. Katika mwaka huo uliopotea, kuna waliozaliwa na kuna waliozikwa bila jamaa kuruhusiwa kukusanyika. Kuna waliofutwa kazi wakarudi mashambani na wasionekane mjini tena. Wizara inaweza kuufuta mwaka wa masomo, lakini hakuna awezaye kuufuta mwaka wa mtu.

Watu wa pwani walilijua jambo hili zamani. Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, husherehekewa Mwaka Kogwa kila Julai, kwa hesabu ya mwaka wa jua ambayo wavuvi na wakulima wa pwani waliifuata tangu enzi na enzi, na ambayo asili yake huhusishwa na Nairuzi ya Uajemi. Kabla ya kula na kucheza ngoma, wanaume hupambana kwa mabua ya migomba. Si vita, ni mchezo, lakini ni mchezo wenye kazi yake. Mwenye kinyongo na mwenzake hukitoa pale uwanjani, mbele ya macho ya mji mzima, na wakishamaliza hapana kudaiana tena. Kibanda cha makuti huchomwa moto, nyimbo huimbwa, ndipo watu waende kwenye karamu. Zingatia mpangilio huo, msomaji. Hawaanzi na karamu. Kwanza hutolewa kilichokuwa moyoni tangu mwaka jana, kisha mwaka mpya hupokewa na watu waliokwisha kutua mizigo yao.

Nyumbani kwetu hatukuwa na mabua ya migomba. Tulikuwa na daftari.

Baba yangu alikuwa na duka dogo katika mtaa mmoja wa Eastlands, hapa Nairobi. Aliuza unga, sukari, chumvi, majani ya chai, sabuni ya kipande iliyokatwa kwa waya, na mafuta ya taa yaliyopimwa kwa kikombe. Ukutani alikuwa ameandika kwa chaki: Kukopa harusi, kulipa matanga. Maandishi yale hayakumzuia mtu kukopa, wala hayakumzuia yeye kukopesha. Wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi wa viwandani na wa reli waliolipwa mwisho wa mwezi, na tumbo la mtoto halingojei mwisho wa mwezi. Kwa hivyo chini ya kaunta palikuwa na daftari nene lenye jalada gumu jeusi, na ndani yake ukurasa mmoja kwa kila nyumba.

Wiki ya mwisho ya Desemba, watu walipokuwa wamesafiri na mtaa umekuwa kimya, Baba alifunga duka mapema akaja nyumbani na madaftari mawili. Lile kuukuu aliliweka mkono wa kushoto, jipya mkono wa kulia. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kumsomea majina na salio la kila mmoja, naye ndiye aliyeandika. Ilikuwa kazi ya usiku mbili au tatu, na tuliipenda kwa sababu Mama alitupikia chai ya maziwa na mandazi ili tusisinzie.

Hakuhamisha majina yote. Wale waliokuwa wakilipa kidogo kidogo, shilingi 10 leo, shilingi tano Jumamosi, aliwahamisha bila maneno. "Huyu anatembea," angesema, "tumwache atembee." Waliohama mtaa usiku bila kuaga aliwahamisha pia, lakini ukurasa wa nyuma, maana milima haikutani lakini binadamu hukutana. Kisha kulikuwa na wale walioshindwa kabisa: fundi wa mbao aliyevunjika mkono, mama aliyefiwa na mumewe mwezi wa Agosti, kijana aliyeachishwa kazi. Hao hakuwahamisha. Katika daftari kuukuu alichukua rula, akapiga mstari mmoja mnyoofu chini ya salio, akaandika neno moja, "Imesamehewa", na tarehe.

Mwaka mmoja nilimwuliza kwa nini asiichane tu ile kurasa, maana hakuna tena anayedaiwa. Aliweka kalamu chini akanitazama. "Mwanangu," akasema, "ukiuchana ukurasa, kesho hutajua kama ulisamehe au uliibiwa."

Nilikuwa na umri wa miaka 11 na maneno yale hayakunigusa sana. Yalikuja kunigusa baadaye.

Baba alifariki Novemba mwaka wa 1988, baada ya kuugua kwa muda mfupi. Mwezi huo huo dada yangu mkubwa alikuwa amefanya mtihani wa KCPE, na matokeo yalipotoka aliitwa katika shule nzuri ya bweni. Barua ilikuja na orodha ambayo kila mzazi wa Kenya anaijua: karo, sare, sanduku la bati, godoro, blanketi mbili, jembe, ndoo. Akiba yote ilikuwa imeishia hospitalini na kwenye mazishi. Majirani walikuwa wameshatuchangia kwa ajili ya matanga. Hatungeweza kuwaitisha harambee nyingine kabla ya udongo wa kaburi kukauka.

Mama akatoa daftari chini ya kaunta. Kwa jioni kama kumi mfululizo alijifunga leso, akalikumbatia daftari lile, akapita nyumba kwa nyumba. Mimi nilimfuata nikiwa na tochi.

Jioni zile ndizo zilizonifundisha watu. Wapo waliolipa papo hapo na kuongeza. Mama mmoja, ambaye hakuwa na hata senti tano, alitoa sanduku la bati na blanketi za mwanawe aliyekuwa amemaliza kidato cha nne, akasema, "Mama, shika hivi, nami nifutie kiasi utakachoona." Mzee mmoja alituambia kwa aibu kwamba marehemu alikuwa amemsamehe deni lake. Mama akafunua ukurasa: naam, mstari ulikuwapo, na tarehe, na mwandiko wa Baba. Mama akamwomba radhi kwa kumsumbua, naye yule mzee akaanza kulia. Sisi tukalia naye.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mtu aliyedaiwa kuliko wote. Alikuwa na kazi ya mshahara. Bidhaa alizozichukua zilikuwa za sherehe yake mwenyewe: mifuko ya sukari, debe la mafuta, unga wa ngano. Naye pia alisema amesamehewa. Mama akafunua ukurasa wake, akamulika na tochi. Hapakuwa na mstari. Yule bwana akautazama ukurasa, akautazama uso wa Mama, kisha akasema kwa upole, kama anayemfariji mjane, "Mama, yaliyopita si ndwele. Tugange yajayo."

Dada yangu hakwenda shule ile ya bweni. Alikaa nyumbani muhula mzima akiuza duka, na muhula wa pili akaingia shule ya kutwa iliyokuwa karibu. Alisoma, akamaliza, akapata kazi, na leo ana watoto wake. Siwezi kusema maisha yake yaliharibika. Lakini najua kwamba yalipinda pale, kwa sababu ya salio moja lililokuwa kwenye ukurasa mmoja.

Mwisho wa mwaka wa 1989 Mama alikaa mezani na madaftari mawili kama alivyokuwa akifanya Baba. Alipofika kwa jina la bwana yule aliliandika katika daftari jipya, na kiasi kile kile, hakuongeza wala hakupunguza. Akafanya hivyo mwaka uliofuata, na uliofuata. Katika miaka hiyo hakuwahi kumtusi. Alimsalimia kila asubuhi, alimwuzia kwa pesa taslimu, na bintiye alipoolewa Mama alikuwa miongoni mwa waliopika. Mimi nilikuwa kijana mwenye damu ya moto, na siku moja nilimwuliza kwa nini anajisumbua kumwandika mtu ambaye anajua hatalipa.

"Namwandika ili nisimchukie," akasema Mama. "Deni likikaa kwenye daftari, halikai kifuani."

Bwana yule alifariki mwishoni mwa mwaka wa 1997, wakati ule wa mvua za El Nino zilizobomoa madaraja na kufanya watu washindwe kwenda kuzika kwao. Mama alikwenda matangani amebeba pakiti za unga na sukari. Hakutamka neno juu ya deni, kwa mjane wala kwa watoto. Usiku wa madaftari ulipofika alichukua rula, akapiga mstari mnyoofu chini ya jina lile. Nilichungulia nione ataandika nini. Hakuandika "Imelipwa", maana haikulipwa. Hakuandika "Imesamehewa", maana hakuna aliyekuwa ameomba msamaha. Aliandika "Imekwisha", akageuza ukurasa.

Nimeyasimulia haya kwa sababu naona taifa zima lina daftari kama lile, na kila Januari tunalisikia likifunguliwa au likifichwa.

Ziko Januari tulizozifungua vizuri. Mwaka wa 2003 ulianza siku mbili tu baada ya Rais Mwai Kibaki kuapishwa katika bustani ya Uhuru, na shule zilipofunguliwa mwezi huo elimu ya msingi ilikuwa bila karo. Watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa nje wakaingia shuleni. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2004, mzee Kimani Maruge mwenye umri wa miaka 84 alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiyo, Eldoret, na jina lake likaingia katika kitabu cha rekodi za dunia. Alivaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake wa miaka sita. Watu walicheka, lakini yeye alijua alichokifuata: alitaka kujisomea Biblia na kuhesabu pesa zake mwenyewe. Mwaka wa 2005 alisafiri hadi New York kuzungumza kwenye Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure.

Nampenda mzee yule kwa sababu hakujifanya kijana. Aliingia darasani na miaka yake 84 yote, na kumbukumbu ya utoto uliopita bila shule, na ya vita vya Mau Mau alivyosema alivipigana. Aliyabeba hayo yote hadi kwenye dawati, kisha akajifunza a, e, i, o, u.

Kisha ikaja Januari nyingine. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na siku ya kwanza ya mwaka wa 2008, siku tunayotakiana heri, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kufikia tarehe 28 Februari, viongozi walipotia saini mkataba wa amani uliopatanishwa na Kofi Annan, watu zaidi ya elfu moja walikuwa wameuawa. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika idadi hiyo: 1,133. Malaki walikuwa wamehama makwao. Mzee Maruge alikuwa mmoja wa walioishia kambini. Baadaye aliletwa Nairobi, akakaa katika makao ya wazee, na akiwa karibu kutimiza miaka 90 akajiandikisha tena katika shule nyingine ya msingi. Alifariki Agosti 2009 kabla ya kumaliza masomo.

Baada ya mkasa ule tulisikia sauti nyingi zikisema yaliyopita si ndwele. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikazunguka nchi nzima, ikawasikiliza maelfu ya watu, na Mei 2013 ikamkabidhi Rais ripoti yake. Hilo ni daftari. Yapo majina ndani yake na yapo madeni. Mengine huenda yakasamehewa, mengine yakalipwa, na mengine yakaisha tu kwa sababu wadai na wadaiwa wamelala udongoni. Lakini taifa likiichana kurasa hiyo, wajukuu wetu hawatajua kama tulisamehe au tuliibiwa.

Turudi nyumbani, msomaji, maana huko ndiko kila mmoja wetu anakoweza kushika kalamu. Vijana siku hizi huuita mwezi huu Njaanuari, na wana haki. Mishahara ya Desemba ilitoka mapema ikaishia kwenye nauli na nyama choma, karo inasubiri, na mwenye nyumba anapita mlangoni akikohoa. Katika hali hiyo ni rahisi kuandika maazimio makubwa kwenye karatasi safi: mwaka huu nitaweka akiba, mwaka huu nitaacha pombe, mwaka huu nitakuwa wa kwanza darasani. Kufikia Machi karatasi imepotea. Haishangazi. Maazimio yale hayakutoka katika hesabu yoyote; yalitoka katika kelele za mkesha.

Mimi na mke wangu tumeichukua desturi ya madaftari tukaifanya ya watu wasio na duka. Jioni moja kabla ya shule kufunguliwa tunakaa mezani na watoto, tunapika mandazi, tunazima televisheni, na kila mmoja anataja kitu kimoja cha mwaka uliopita anachotaka kukihamisha, kimoja anachokisamehe, na kimoja anachotaka kiishe. Mtoto wetu mdogo aliwahi kusema anataka kuhamisha "ile siku tulikula mahindi barabarani gari likiwa limeharibika". Mimi nilikuwa nimeihesabu siku ile miongoni mwa siku mbaya za mwaka. Kumbe katika daftari lake ilikuwa faida.

Nawe mwanafunzi unayeingia darasa jipya au shule mpya, usiichane ripoti ya mwaka jana. Ifungue. Huko ndiko utakakoona kama ulishindwa na hesabu, au ulishindwa na usingizi. Hayo ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani.

Na nyinyi wazazi wenzangu, neno moja la mwisho. Baba alikuwa na ukurasa ambao sikuutaja. Ulikuwa wa mwisho kabisa katika daftari, na juu yake aliandika "Ninaodaiwa". Humo mlikuwa na mwenye lori lililomletea unga, mwenye duka la jumla, na jirani aliyempa nauli usiku ule nilipougua malaria. Kabla hatujasoma jina la mteja hata mmoja, ukurasa huo ndio aliotuambia tuuhamishe kwanza. Alisema mtu asiyejua anachodaiwa hana haki ya kudai.

Tuanze hapo, basi. Madeni mengine hayahitaji hata shilingi: yupo shangazi aliyekuweka kwake ulipofika mjini mara ya kwanza, yupo mwalimu aliyekuruhusu ukae darasani ulipokuwa umefukuzwa kwa sababu ya karo, yupo mlinzi wa lango anayekufungulia kila usiku na hujawahi kumwuliza jina lake. Mwezi una siku 31, na dawa ya deni ni kulipa.